Maganda ya Kamba katika Shamba la Bondeni

Nyanya inayokufa kwa mnyauko haikupi nafasi ya kuiuguza. Asubuhi unaiacha imesimama, majani yake mabichi kama ya mwenzake. Adhuhuri inainamisha kichwa kama mtu anayesinzia wakati wa hotuba ya Ijumaa. Jioni inajiinua kidogo, nawe unasema alhamdulillahi, kumbe lilikuwa jua tu. Kesho yake inainama tena na haiinuki. Haina doa wala mdudu, na udongo wake haujakauka. Inakufa na rangi yake yote.

Hivyo ndivyo zilivyokufa nyanya zetu katika shamba la bondeni, huku kwetu Mkongani. Mama, ambaye huziita tungule kama alivyofundishwa na mamake, alipita kati ya safu akigusa mashina kwa ncha ya kidole, kama anayepima homa ya watoto waliolala. Hakulia. Alisema tu, "Hata na hili pia," akaanza kung'oa.

Shamba lile si letu. Baba alipofariki tulirudi kwa kaka yake mama, mjomba wangu, naye ndiye aliyetupa bonde tulime. Sisi Wadigo, wako wanaorithi kwa baba, na wako ambao ardhi yao bado hushuka kwa upande wa mama. Hii yetu ilishuka kwa mama, na msemaji wake ni mjomba. Akisema limeni, tunalima. Akisema basi, ni basi. Yeye mwenyewe alikuwa akilima nyanya shamba la juu, kwenye udongo mwekundu. Zamani watu wa Ukunda walizinunua hata hazijaiva. Kisha zikaanza kufa, msimu baada ya msimu, na kila zilipokufa mjomba alizidi kunyamaza. Siku moja akaja kwetu, akakataa kuketi.

"Dada, udongo huu umechoka," alimwambia mama. "Nitapanda mivinje bonde zima. Mvinje haunyauki."

"Na sisi tule mivinje?"

"Mtakula kama wanavyokula wengine. Huyu," akanielekezea kidevu, "ni mkubwa sasa. Hoteli hazijajaa."

"Kaka yangu, tupe masika haya tu."

Mjomba alilitazama bonde kwa muda, kama anayemtazama mgonjwa ambaye jamaa zake hawataki kukubali kwamba anakufa. "Haya," akasema. "Masika haya."

Nilijua maana yake. Mvinje ukishapandwa unakaa miaka mpaka uwe nguzo, na chini yake hakuoti hata mchicha. Mama angebaki na ua wa nyumba. Mimi ningekwenda Galu, ambako kaka yangu huosha masufuria katika jiko la hoteli. Nilikuwa nimeshajaribu huko mara moja, kazi ya kutandika vitanda. Kazi haikunishinda, kilichonishinda ni kusemeshwa. Mgeni akiniuliza jambo, sauti yangu ilishuka tumboni ikakaa huko. Msimamizi alinirudisha nyumbani kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko matusi. Bondeni hakuna anayekuuliza kitu. Unajibizana na mimea, nayo husubiri.

Kabla ya mvua kuanza, afisa wa kilimo alikuja kuzungumza na wakulima kwenye uwanja wa madrasa. Alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya mpira, na alizungumza kama mtu aliyeona mashamba mengi yakifa. Alisema mnyauko huu unaletwa na bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinaishi udongoni na kuingia kwenye mzizi penye kidonda. Vikishaingia huziba njia ya maji, na mmea hufa kwa kiu huku umesimama kwenye unyevu. Dawa ya kupuliza haipo.

"Lakini udongoni humo humo," alisema, "vimo vijidudu vingine vinavyopenda kula maganda ya kamba na kaa. Vipeni maganda, vitazaana. Vikishakuwa vingi, vile vibaya vinakosa nafasi. Siwaahidi kitu. Nawaambia lililosaidia pengine."

Mtu akauliza kuhusu makombe ya chaza.

"Hayo magumu yachomeni yawe chokaa. Maji ya chokaa yanaua bakteria kwenye jembe na kwenye nyayo. Maana mnyauko hauna miguu, jamani. Mnaubeba nyinyi wenyewe."

Mimi nilikuwa nimeketi nyuma, karibu na ukuta. Nilikuwa na swali moja lililonikaba tangu alipotaja maganda. Mkutano ulipokwisha nilimfuata mpaka kwenye pikipiki yake. Akageuka.

"Una swali, binti?"

"Hapana."

Akavaa kofia yake. Akapiga pikipiki moto.

"Chumvi," nikasema.

"Nini?"

"Maganda yanatoka baharini. Yana chumvi. Nyanya haitaki chumvi."

Akazima pikipiki. "Yaoshe," alisema. "Uyaoshe mpaka ulimi wako usisikie kitu. Usiamini macho, amini ulimi."

Jioni ile nilimpigia kaka simu. Nilipomweleza alicheka mpaka nikasikia watu wa jikoni wakimwuliza kuna nini.

"Dada, uko poa kweli? Wenzako wakipiga huomba simu mpya. Wewe unaomba takataka?"

"Yanatupwa wapi?"

"Yanafukiwa shimoni nyuma huko. Hata paka wa hoteli wameyachoka."

"Basi nitumie."

"Mkubwa wa jiko akiniona natoka na gunia la uvundo atasema nimerukwa na akili." Akasita. "Bonde linaondoka kweli?"

"Linaondoka."

Hakucheka tena. Wiki ile ile lori la mnunuzi wa nazi, lililokuwa likirudi tupu kutoka Galu, lilishusha magunia mbele ya nyumba yetu. Dereva aliyashusha akiwa amejifunga leso puani, akaondoka hata chai hakungoja. Nzi walifika kabla hatujafungua. Jirani yetu, mama mmoja mwenye shamba lililopakana na letu na mdomo usiopumzika, alisimama ng'ambo ya ua wa michongoma akapaza sauti:

"Hodi jirani! Mmezika nani bila kutuita?"

"Karibu umswalie," mama akamjibu.

Tulipomwaga magunia, kulikuwa na maganda ya kamba, mekundu na membamba kama kucha, makombe ya chaza, na pia magamba ya kaa. Mama akarudi nyuma. Yeye hali kaa. Alilelewa kwamba kaa ni haramu, na kwake hapo hapana mjadala.

"Siwezi kulisha tungule kitu ambacho mimi mwenyewe sili."

Kaka alikuwa kwenye simu akisikiliza. "Mama," akasema, "tungule hazina madhehebu."

Mama hakucheka. Alikwenda kumwuliza mwalimu wa madrasa, akarudi akisema mbolea haiulizwi ilikuwa nini, hata samadi nayo hailiwi. Tukaanza kazi.

Tuliyaosha kijitoni, gunia kwa gunia. Kila nilipofikiri tumemaliza, niliweka ganda la kamba kwenye ulimi nikasikia chumvi, tukaanza upya. Tuliyaanika juani, tukayalinda dhidi ya kunguru na paka. Yalipokauka nikaleta kinu. Mama akakishika.

"Hiki kilitwanga mpunga wa harusi yangu. Kaponde kwenye jiwe."

Nikaponda kwenye jiwe mpaka mikono ikapasuka, na vumbi lake likaingia kwenye mipasuko na kuwasha kama pilipili. Tukalichanganya na udongo wa bonde, sehemu zote, tukaliacha lioze huko chini wiki kadhaa kabla ya kupanda. Makombe ya chaza tuliyachoma kwenye tanuri dogo la mawe, kwa vifuu na magogo, kutwa nzima. Kaka alikuwa amekuja nyumbani siku yake ya mapumziko, na yeye ndiye aliyemimina maji ya kwanza juu ya makombe yaliyochomwa.

"Rudi nyuma!" akanifokea. "Usiweke uso!"

Makombe yalilia kama mafuta ya kukaangia, yakapasuka, yakatoa moshi, na maji yakachemka bila moto. Tukasimama mbali tukitazama. Yalipotulia yalikuwa unga mweupe. Mama akasema bismillahi, akaufunika.

Tukapanda. Mvua zikaja vizuri mno. Nyanya zikasimama, na magugu yakasimama nazo, yakizizidi urefu. Mimi na mama tulianza palizi upande mmoja, na kabla hatujafika katikati, tulipoanzia palikuwa pameota tena. Hapo ndipo zamu yetu ya mweria ilipofika.

Mweria ni kulimiana. Leo tunakwenda kwa huyu, kesho kwa yule, kila mtu na jembe lake, na mwenye shamba hupika. Huwezi kukataa zamu yako. Ukikataa, umejitoa, na siku ukiugua shamba lako litalala. Nami tangu niliposikia tarehe ya zamu yetu sikulala vizuri, kwa sababu majembe yale yote yalikuwa yametoka kulima shamba la juu la mjomba. Udongo mwekundu uliokuwa umeganda kwenye shingo za majembe ndio uliozika nyanya zake. Na palizi hukata mizizi. Kidonda kingekuwepo, na bakteria wangeletwa mlangoni na watu tunaowapenda.

"Tutaweka ndoo ya maji ya chokaa pale pa kuingilia," nikamwambia mama. "Kila mtu aoshe jembe na miguu."

Mama aliacha kukuna nazi. "Nani atawaambia?"

"Wewe."

"Mimi? Nimwambie kaka yangu aoshe jembe kabla ya kuingia shambani mwake?"

Hakuhitaji kueleza zaidi. Kwetu jembe la mtu ni kama mkono wake. Kumwambia mtu mzima alioshe mlangoni kwako ni kumwambia kwamba amekuja na kitu kisichosemwa. Watu wamevunja undugu kwa jambo dogo kuliko hilo. Na mjomba, akiwa mkubwa wa kikundi, ndiye anayeingia kwanza na kupiga jembe la kwanza.

"Maganda uliyataka wewe," mama akasema, akirudia nazi yake. "Sema wewe."

Asubuhi ya mweria niliweka ndoo, nikasimama kando yake. Wa kwanza kuja alikuwa yule jirani, pamoja na wanawake wengine.

"Nini hiki tena? Uji mweupe?"

Nilifungua mdomo. Nikaelekeza kidole kwenye jembe lake, kisha kwenye ndoo.

"Alaa! Jembe?" Akawageukia wenzake. "Jamani, leo majembe yanatia udhu!"

Wakacheka, na kicheko kile kiliniokoa. Jirani akatumbukiza jembe lake akisema, "Nawaitu," akainua mguu mmoja kisha wa pili, na wenzake wakafuata wakisukumana. Wanaume wawili wakaja, wakaona wanawake wanavyofanya, wakaosha bila kuuliza. Nikaanza kupumua. Ndipo nikamwona mjomba akishuka njiani, jembe begani. Udongo mwekundu ulikuwa umelishika mpaka kwenye mpini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akaitazama ndoo. "Maji ya nini?"

"Ya majembe, mjomba."

"Majembe yamefanya nini?"

Kicheko kikakatika. Jirani naye alikuwa amenyamaza, na hilo halijatokea mara nyingi.

"Ni ya kuosha. Afisa alisema... udongo wa kule juu..."

"Udongo wa kule juu ni wangu." Hakupaza sauti. "Na huu wa hapa ni wangu. Unaniambia mimi nioshe udongo wangu usiguse udongo wangu?"

"Si wewe, mjomba."

"Kama si mimi ni nani? Anayeoshwa mlangoni ni mchawi. Mpwa wangu ananiona mchawi, mbele za watu?"

Nilitaka kusema habari za mizizi na vidonda. Nilitaka kusema yote aliyoyasema afisa. Maneno yalishuka tumboni kama siku zile za Galu. Mjomba akaivuka ndoo, akaingia, akaanza kupiga jembe kwenye safu ya kwanza, karibu na mnazi. Alilima kwa hasira na kwa ustadi, kwa sababu hajui kulima vibaya. Jembe liliingia, likatoka, likaingia. Kila lilipotoka niliona udongo mwekundu ukibaki kwenye ule mweusi.

Sikumbuki kuamua. Nilijikuta nimekwenda nikaketi chini, katikati ya safu, mbele ya jembe lake.

Likasimama hewani.

"Ondoka."

Sikuondoka. Wala sikumtazama. Niliitazama miguu yake.

"Mama yake!" akaita. "Mwondoe mwanao!"

Mama alikuja mbio kutoka jikoni, mwiko mkononi. Akaniona nilivyoketi, akamwona kaka yake alivyosimama. Nilidhani atanivuta. Alisimama tu, na mwiko ule ulikuwa ukidondosha tui ardhini.

"Kaka yangu," alisema, "kaoshe tu. Kwa ajili yangu."

Mjomba alilishusha jembe polepole, akalilaza kati ya mashina. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Sikilizeni, msije mkasema sikusema. Shina moja likinyauka bondeni humu, moja tu, siku hiyo hiyo naita miche ya mivinje. Sitangoja masika yaishe."

Akaondoka bila jembe. Watu wakapalilia kwa kunyamaza, wakala mihogo ya nazi kwa kunyamaza, wakaenda zao. Jirani peke yake aliponipita alinibana bega, akaninong'oneza, "Wewe na haya zako zote, umemkalia mzee njiani." Sikujua kama alikuwa akinisifu au akinikaripia.

Mama hakunisemesha mpaka siku ya pili. Jembe la mjomba alilichukua mwenyewe, akaliosha, akalirudisha. Alirudi akisema mjomba alilipokea bila kumtazama.

Kuanzia hapo maisha yangu yakawa ni adhuhuri. Asubuhi sikuwa na wasiwasi. Nyanya zote husimama asubuhi. Jua lilipopanda nilikwenda bondeni, nikaanzia safu ya kwanza pale karibu na mnazi, nikatazama kila jani la juu. Zilitoa maua. Zikaanza kufunga matunda madogo ya kijani, magumu kama kokwa. Watu walipopita njiani walichungulia, na nilijua wanachotafuta. Mtu alimwambia mama kwamba miche ya mivinje imeshaagizwa, imewekwa kitaluni, inangoja neno tu.

Kisha siku moja shina moja liliinama.

Lilikuwa safu ya kwanza. Nililimwagia maji, ingawa nilijua. Jioni likajiinua kidogo. Kesho yake likalala, majani yake mabichi kabisa. Hapakuwa na mtu njiani. Ningeweza kuling'oa, kulitupa mbali kijitoni, na kusema panya kalikata. Nililishika kwa kweli, nikatazama pande zote mbili. Lakini kama lilikuwa gonjwa na nikalificha, ugonjwa ungebaki na mimi nisingelala tena. Nikalichimba pamoja na udongo wake wote, nikalitia kwenye gunia, na shimo lile nikalijaza maji ya chokaa. Kisha nikafanya kama afisa alivyotuonyesha siku ya mkutano. Nilikata kipande cha shina kwa kisu, nikakining'iniza ndani ya bilauri ya maji safi, nikaiweka dirishani.

Ikiwa ni ukame, maji hubaki maji. Ikiwa ni mnyauko, bakteria hutoka kwenye shina wakishuka kama uzi wa maziwa.

Mama alisimama nyuma yangu. Uzi ulianza kama unywele mmoja mweupe, ukashuka taratibu mpaka chini ya bilauri, ukajikunja huko. Kisha wa pili.

"Mpelekee," mama akasema.

"Nani?"

"Mjomba wako. Akisikia kwa watu itakuwa vibaya zaidi."

"Nenda wewe, mama."

"Mimi nikienda nitalia. Wewe hulii."

Nikaifunika bilauri kwa leso, nikapanda kilima nikiibeba kwa mikono miwili. Mjomba alikuwa barazani akishona kikapu. Nilimwamkia. Aliitika kwa kichwa. Nikaiweka bilauri mbele yake, nikaondoa leso. Safari hii hakukuwa na watu, wala ndoo, na maneno yakatoka, machache.

"Shina moja limenyauka, mjomba. Huu ndio mnyauko. Unauona unashuka."

Aliinama akatazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nadhani hakuwahi kuuona, yeye ambaye uliziua nyanya zake misimu yote ile. Aliinua bilauri kwenye mwanga akaigeuza.

"Hiki ndicho?" akauliza.

"Ndicho."

"Safu gani?"

"Ya kwanza. Karibu na mnazi."

Akairudisha bilauri chini. Aliokota ukindu wake, akajaribu kuendelea kushona, akakosa tundu, akaujaribu tena.

"Nenda nyumbani," akasema.

Siku iliyofuata, jua lilipokuwa kichwani, alishuka bondeni. Mimi nilikuwa safuni. Alipofika kwenye ndoo alisimama, nami nikageuza uso nisimtazame. Nilisikia maji yakichezeka. Alikuja mpaka kwenye lile shimo, miguu yake ikiwa myeupe mpaka vifundoni, akachuchumaa. Aliyatazama mashina ya jirani, la kushoto na la kulia. Kisha akaenda zake. Kesho yake alikuja tena, saa ile ile. Sikujua anatafuta nini. Kama alitaka sababu, alikuwa nayo tayari. Mimi na mama tulikaza roho. Alipokuja tulimwamkia, akaitika, hakuna lililozidi hapo. Siku moja shina la kulia lililegea kidogo kwa joto, na nilimwona mjomba akishika magoti yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyepanda ngazi. Jioni lilisimama, na kesho yake likashinda limesimama.

Mvua ikanyesha, ikapusa. Hakuna shina jingine lililofuata.

Asubuhi moja nilisikia magurudumu njiani. Mkokoteni ulikuwa umejaa miche ya mivinje, myembamba kama nywele za mahindi, na kijana aliyeusukuma alikuwa ametoa jasho. Mjomba alitembea kando yake. Mama alitoka nyumbani bila hata kujitanda, akasimama katikati ya njia ya kushukia bondeni.

"Ishushwe wapi, mzee?" kijana akauliza.

Mjomba alimtazama mama. "Nilisema shina moja," akasema.

"Ulisema," mama akajibu. Hakuondoka njiani.

"Mbele za watu nilisema."

"Ndiyo, kaka yangu."

Jirani alikuwa ameshafika kwenye ua wa michongoma, kama kawaida yake. Mjomba akamwona. Nadhani alifurahi kwamba yupo, kwa sababu alipaza sauti ili asikike mpaka kule.

"Shina lile nililipiga jembe mimi. Jembe langu ndilo lililolitia ugonjwa. Halimo katika hesabu."

Kijana wa mkokoteni alitutazama mmoja baada ya mwingine. Hakuelewa hesabu gani.

"Ipeleke juu," mjomba akamwambia. "Kwenye shamba langu. Udongo mwekundu."

"Juu kuna kilima, mzee. Mkokoteni mzito."

"Sukuma, nitakusaidia."

Akaweka mikono yake kwenye mkokoteni, wakaugeuza. Niliwaona wakipanda polepole, miche ikitikisika, mpaka walipopotea kwenye kona. Lile shamba la juu ndilo alilolimia nyanya tangu ujana wake, na sasa kwa miaka mingi halitakuwa la nyanya. Mama alibaki pale pale njiani. Nilidhani atashukuru Mungu kwa sauti, kama afanyavyo kwa mambo madogo. Aliingia ndani, akajitanda leso, akatoka na jembe lake.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kuchimba mashimo. Hawezi kuyachimba peke yake yote yale."

"Nije?"

Alilitazama bonde, kisha jua, lililokuwa likipanda.

"Wewe baki," alisema. "Kule bondeni anahitajika mtu wa kutazama."

Nikashuka. Matunda ya safu ya kati yalikuwa yameanza kupoteza kijani. Niliyapita bila kuyagusa, nikaenda kwenye safu ya kwanza, nikachuchumaa mbele ya mashina yaliyobaki, nikangoja joto.